Baba Ametema Mate Magharibi

Kwako kaka yangu mpendwa Anoup, huko jangwani kwa watawa,

Mimi mdogo wako Thaesis nakusalimu kwa mapenzi yote, na kabla ya neno lolote namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limeacha kukusumbua. Wazee wenzako hawajambo? Na yule aliyeapa kula majani tu, bado ana nguvu za kusimama? Sisi hapa Aleksandria hatujambo. Safari hii siandiki hivyo kwa adabu ya barua. Hatujambo kweli, na mkono wangu leo ni mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Kaa kitako, kaka. Baba amebatizwa.

Najua umesimama. Kaa tena, nikusimulie kwa utaratibu, maana mambo hayakwenda kama ulivyokuwa ukiyaombea.

Ulipoondoka uliapa mbele yetu kwamba hutavuka kizingiti cha nyumba hii mpaka baba abatizwe. Baba naye, unavyomjua, akakujibu kwamba kizingiti hakitalia. Ninyi wawili ni mbuzi wa zizi moja. Basi majira ya baridi kikohozi kikamshika, kikamkausha akabaki mifupa na ndevu, na mganga akaniita pembeni akaniambia nijiandae. Nilimlilia Mungu kwa ajili yake, na nisikufiche, wewe nilikukasirikia. Nilijiuliza kama akifa hivyo utakuja kumzika, au utatuma salamu tu.

Si kwamba baba hakuamini. Tangu tukiwa wadogo alikaa nyuma kanisani na wale wasiobatizwa, akitoka nao kila walipoambiwa watoke kabla ya meza takatifu. Kilichomkwamisha ni kutema mate. Wewe umepita hapo, unajua: mtu husimamishwa akitazama magharibi, amkatae Shetani, kisha ateme mate upande ule. Baba alishikilia kwamba Athene nayo iko upande huohuo. Huko ndiko alikosomea falsafa, na huko wamelala walimu wake, Wayunani waliomfundisha kwamba asili ya vitu vyote ni moja tu, wakati wajomba zetu bado wanamfukizia mamba ubani kama mungu. Alisema hatawatemea mate walimu wake hata kwa kupewa pepo.

Mama mdogo Tabes alichoka kumsikiliza. “Shemeji, fumba macho uteme!” akamwambia. “Mungu ana kazi nyingi, hatakaa kupima mate yako yameelekea mji gani!”

Baba akamjibu kwamba mate yenyewe ameanza kuishiwa, kwa hiyo lazima ajue anayatema wapi.

Aliyemlainisha ni Kasisi Ision. Alikuja kumtazama kitandani, akanywa nasi mchuzi wa dengu, wakabishana mpaka mchuzi ukapoa. Alimweleza kwamba magharibi pale si Athene wala Roma, ni mahali jua linapozama, alama ya giza tu. Baba akajibu, “Haya.” Tukapanga Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mchana, kwa sababu ya ugonjwa wake.

Siku ikafika. Sisi wanawake tulisimama nyuma ya pazia, na baba akaletwa ameshikwa na mashemasi wawili, pekupeku, amevuliwa joho lake la mwanafalsafa. Sikuwahi kumwona bila joho lile mbele za watu. Alikuwa mdogo, kaka. Moyo uliniuma. Kasisi akamgeuza magharibi, baba akainua mkono, nasi tukazuia pumzi.

Kisha akaushusha mkono. “Kasisi,” akasema, “nina swali.”

“Yesu wangu,” Mama mdogo akanong'ona, “ameanza.”

Baba akasema kwamba Shetani ni kiumbe, na hilo halina ubishi. Lakini kila kilichoumbwa ni kizuri kwa vile kimeumbwa, kwa hiyo anachotakiwa kukikataa ni uovu wake. Na uovu, kama alivyofundishwa na Wayunani, na kama Ision mwenyewe anavyohubiri siku hizi, si kitu chenye kuwepo kwake. Ni kukosekana kwa wema, kama vile giza ni kukosekana kwa nuru. “Sasa niambie,” akasema, “mtu anatemaje mate mahali pasipo na kitu?”

Ision akawageukia mashemasi. Mmoja akasema polepole kwamba labda mzee arudi mwakani, akiwa tayari. Mwakani! Kila mtu mle ndani alijua kwamba baba hana mwakani.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ya nani, nitakwambia, usiruke mistari. Ilisema, “Mwalimu, njaa nayo si kitu, ni kukosa mkate tu. Basi mwaka ule mto ulipokataa kujaa, mkeo aliuawa na nini?”

Nilimwona baba mgongo, ule mgongo uliokonda, ukitikisika.

“Kweli,” akasema.

Akajisimamisha mwenyewe, akainua mkono, akamkataa Shetani na kazi zake zote kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto tukivunja vyungu. Akatema mate kwa nguvu hata shemasi mmoja akaruka. Kisha akageuka mashariki, akaisema imani yote bila kukwama. Alipotoka majini akavikwa nguo nyeupe, akapewa maziwa na asali kama wapewavyo waliozaliwa upya. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, ndevu zimejaa maziwa, analia. Nami nililia, na furaha ile sijui niiandikeje.

Njiani kurudi, juu ya punda, aliniambia kwamba walimu wake hakuwatemea. Alichokitemea ni ile njaa. Na kama si walimu wale, akasema, asingejua anatema nini. Tangu Pasaka kikohozi kimepungua, juzi amekula samaki mzima na kulalamika kwamba chumvi ni kidogo.

Sasa kaka, lililobaki. Sauti ile ilikuwa yangu. Na haikuwa mara ya kwanza kusema nyuma ya pazia. Kikohozi kilipompotezea baba sauti, nilianza kukaa nyuma ya pazia la darasa lake la falsafa, ananong'ona nami nawatamkia wanafunzi. Baadaye akawa anasinzia, na majibu yakawa yangu. Katika barua yako ya mwisho ulimshukuru Mungu mapema kwamba baba akibatizwa tu shule itafungwa na vitabu vya Wayunani vitatiwa moto. Shule haikufungwa. Anayefundisha ni mimi.

Jumatatu Ision alikuja nyumbani. Nikajua nimekwisha, nimesema mahali pasipo pangu, nikampikia mkate wa asali nimpoze. Aliula wote, kisha akasema ataniletea vijana wake wanaosoma Maandiko kanisani niwafundishe kujenga hoja, maana yeye alikwamishwa na mzee aliyeletwa abatizwe. Hoja za Wayunani, akasema, ni kisu cha jirani, hukata mkate wangu vilevile. Mama mdogo anauliza nani ataoa mwanamke mbishi. Sijui. Lakini sitaacha, na nimekwambia ili ukija uje ukijua unaingia nyumba gani.

Nimekutumia soksi za sufu, goti na miguu ni ndugu. Mama mdogo Tabes anakusalimu na anauliza kama huko mnaoga. Nisalimie wazee wote kwa majina yao, na uniombee. Ubaki na afya, kaka yangu.

Ni mimi dada yako,
Thaesis

Baba amenipokonya kalamu. Mwandiko huu mbaya ni wake:

Kwa kaka yangu Anoup. Mimi ni mtoto wa juzi, bado nanuka maziwa. Katika jambo hili wewe umenitangulia kuzaliwa, na mkubwa huja kumtazama mdogo wake akiumwa. Njoo. Kizingiti kinalia.

Mdogo wako,
Nikon