Pepo Mchafu wa Dranya

Jumatatu, 1 Septemba

Uji saa moja. Kidonge cha presha, kidonge cha moyo, na kile cheupe ambacho daktari hakunieleza ni cha nini. Nilikikohoa kikaangukia shati. Nikakimeza tena.

Kisha mazoezi. Ni maneno nitakayomwambia Farajala, fundi cherehani wa mjini Koboko, kabla sijafa. Nayasema kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyokulia. Babu zake walikuja na jeshi kutoka Sudan. Humu nyumbani hakuna anayekijua vizuri, ndiyo maana hata daftari hili liko salama.

Leo nimefika sentensi ya pili, nikalia. Mwalimu mkuu mstaafu!

Jumatano, 3 Septemba

Niandike yote, mkono ungali unashika kalamu.

Nilikuwa katekista kijana kule kijijini Dranya. Yunia alikuwa ameposwa na Farajala, mtu mpole, mshonaji hodari. Yunia hakumtaka. Alinitaka mimi. Nami sikuwa na hata mbuzi mmoja. Tukapanga.

Jumapili, katikati ya zaburi, akaanguka. Povu mdomoni, kipande cha sabuni chini ya ulimi. Akanguruma kwa Kiswahili kama koplo: Simama! Leta chai! Watu wakakimbilia nje kwa madirisha. Msichana wa shamba, hajawahi kukanyaga kambi ya jeshi, lugha ya askari ameitoa wapi? Aliitoa kwangu. Miezi sita ya masomo nyuma ya banda la tumbaku.

Nilimkemea pepo saa nzima. Jasho lilikuwa la kweli. Kisha nikamwuliza ametumwa na nani. Swali hilo hatukulipanga. Yunia akanitazama, hajui la kujibu. Nikamjibia mimi: nyumba ya Farajala.

Kesho yake watu walimfukuza Farajala kijijini, cherehani kichwani.

Nilimwoa Yunia baada ya mavuno. Tuliishi vizuri mpaka nilipomzika huko kijijini Ajia. Hilo ndilo linalonitesa. Tuliishi vizuri.

Ijumaa, 5 Septemba

Gresi, mke wa mwanangu, amenisikia nikifanya mazoezi. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha kizuizi cha barabarani. Ameshika "nilikufukuza" na "nitakufa". Chai yangu ya jioni ameisukuma kwa mpini wa ufagio, asinikaribie.

Jumamosi, 6 Septemba

Gresi amefunga kula. Amenifungisha na mimi bila kuniuliza. Njaa.

Jumapili, 7 Septemba

Wamekuja wanane kutoka kanisa lake la maombezi, na pasta wao mwenye koti la zambarau. Mama Rebeka, muuza vitenge, alinikalia mguu. Ni mwanamke mzito.

"Pepo wa askari!" pasta akanipigia kelele kwa Kiswahili. "Jina lako nani?"

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona mlango umefunguka. Mashahidi wanane, nani angenipa tena? Nikavuta pumzi nikasema yote. Jina langu Ezra. Niliwadanganya watu wa Dranya. Farajala hakuwa na kosa lolote.

"Anakiri! Pepo anakiri!"

Vigelegele. Nikasema si pepo, ni mimi. Pasta akawageukia wenzake: "Mmesikia? Wote husema hivyo."

Kweli. Hata mimi niliwaambia watu wa Dranya maneno hayohayo.

Nilipoishiwa pumzi nikanyamaza, wakanitangaza mzima. Nimekiri dhambi ya maisha yangu na sifa zote amepewa pepo. Nimekasirika sana.

Jumanne, 9 Septemba

Kikohozi chenye damu kidogo. Nimemwambia Gresi ukweli kwa Kilugbara, polepole, kama darasani. Akanivutia blanketi mpaka kidevuni.

"Baba, usijilaumu. Ameshatoka."

Nikifa wiki hii nitazikwa kama mtakatifu. Naogopa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Rebeka alipeleka vitenge Koboko, na habari juu yake: pepo wa Mwalimu amemsafisha fundi Farajala. Soko zima limejua.

Leo saa nne Farajala mwenyewe ameingia chumbani. Kofia nyeupe, fimbo, jicho moja la ukungu. Hakuketi.

"Mwalimu, nasikia pepo yako iko na akili kuliko wewe. Lakini mimi hapana toka Koboko kusikiza pepo. Nataka mdomo ya mwenye nyumba."

Maneno yote ya mazoezi yakanipotea. Nikasema nilimtaka yule msichana. Pepo hakuwepo. Jina lake nililitaja mimi.

Gresi alikuwa mlangoni. Farajala akamwita.

"Binti, ingia, sikia. Hii hapana pepo. Hii ni mzee mubaya."

Gresi akaketi sakafuni. Kwangu hakuamini, kwake ameamini mara moja.

"Cherehani ilikuwa muzito," Farajala akasema baadaye.

"Najua."

"Hapana. Wewe hapana jua. Sema nilikosa."

"Nilikosa."

"Tena."

Nikasema tena. Mara ya tatu kikohozi kikanikaba, akainua mkono.

"Basi, basi. Utakufa hapa, watu waseme mimi nimekuroga tena."

Ndipo akaketi. Akaomba chai, sukari nyingi.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua imeharibu barabara, Farajala bado yuko. Jana Gresi alimtandikia mkeka safi chumba cha pili. Baadaye akaniuliza kama Yunia alinipenda kweli. Nimesema ndiyo.

Alfajiri nilimsikia mgeni akisali. Polepole, magoti yakilia kila anapoinuka. Nikamngoja amalize, ndipo nikaanza sala yangu.