Mwaka Tuliokula Mbegu

Jumatatu, 22 Novemba 1999
Nimepalilia kahawa mpaka jua limekuwa kali. Mgongo unawaka. Mvua imeanza, Igamba nzima wako mashambani wanapanda. Mume wangu amekaa barazani na Biblia, anajumlisha miaka ya Danieli. Tangu yule mchungaji wa Tunduma aje kuhubiri hapa, jembe hajaligusa. Mwaka huu hautaisha, ati. Bwana atakuja kabla.

Alhamisi, 25 Novemba
Nimeingia jikoni, nikatazama juu ya moto. Patupu. Mahindi ya mbegu niliyafunga pale mwenyewe, moshi uyakinge na wadudu. Mama yangu alikuwa radhi tulale njaa, mbegu haiguswi. Huyu kayashusha yote, kayapeleka Tunduma kwa waombaji wa kambi ya yule mchungaji, wakapika kande.

“Mama Neema, mbegu ya nini? Nani atavuna?”

Nilimwambia tumbo la binti yake halijasoma Danieli. Namchukia leo. Mungu anisamehe, au asinisamehe.

Jumapili, 5 Desemba
Majirani wamemaliza kupanda. Wakipita wananisalimia kama niko msibani. Yeye amehamia kambini Tunduma. Hakumuaga hata Neema.

Jumanne, 14 Desemba
Nimepanda basi kumfuata. Nikaulizia nyumbani kwa mchungaji. Nyuma ya nyumba, mahindi. Yamefika magotini, yamepaliliwa, mbolea imetiwa. Nilicheka peke yangu mpaka mkewe akatoka kunitazama.

Nikaenda kambini, nikamvuta mume wangu kwa mkono aje aone. Aliyatazama muda mrefu. Akasema mchungaji ana wageni wengi wa kulisha. Wageni wa mwezi gani, nikamuuliza, na mwaka hauishi? Akarudi kambini kuomba.

Jumamosi, 1 Januari 2000
Kumekucha. Jogoo yule yule. Neema kachungulia nje, akauliza kama hapa ndipo mbinguni. Nimemtuma maji.

Jumatatu, 3 Januari
Mume wangu amerudi mchana, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Sikumuuliza kitu. Aliketi jikoni, akatazama juu ya moto, akainamisha kichwa.

Jirani alinipa maharage. Nusu nimeyaweka ya kupanda, nusu nimepika. Kabla ya kula aliomba, kama zamani. Akamwomba Mungu atupe mavuno mema mwaka huu.

Neema alinitazama. Nikaitikia amina. Chakula kilikuwa kinapoa.