Uwele Niliouosha

Jumatatu, 18 Novemba

Joto. Watoto kumi na wanne leo, wamekuja wote. Yoeli, mdogo kuliko wote, amelala saa nne kamili kama kawaida yake, shavu juu ya daftari. Nimemwacha. Kwenye shule shikizi kama hii, chumba kimoja na mwalimu mmoja wa kujitolea kwa watoto wa miaka mitano mpaka kumi na mmoja, anayelala ni wa kushukuriwa.

Mpaka tufunge shule, somo ni moja tu: mbegu. Kila kitu kitoke humo. Wadogo watahesabu mbegu kwa vizibo vya soda, kumi kumi. Wa katikati wataandika majina yake. Wakubwa watapima shamba kwa kamba yenye mafundo na kupiga hesabu ya mashimo. Nimechoka kuandika mambo manne ubaoni na kuyafuta kabla nusu ya darasa haijamaliza.

Nimewaambia kesho kila mmoja alete mbegu za kwao.

Mchana vumbi lilisimama juu ya njia ya kwenda Mlali. Hakuna aliyelitimua, lilisimama tu. Nikalitazama muda mrefu mpaka Dorkasi, mkubwa wa darasa, akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 19 Novemba

Meza imejaa. Karanga, alizeti, kunde, choroko, mbegu za maboga. Mahindi ya dukani yenye dawa nyekundu, hayo nimeyatoa haraka.

Penina amekuja na tita zima la masuke ya uwele kichwani, jeusi tii kwa masizi. Ana miaka minane, anaishi na bibi yake, Bibi Damari, wao wawili tu. Siku ya kumwandikisha, bibi aliniambia shule isije ikamchukulia kitu. Nikamwambia kiganja kimoja kingetosha. Akasema kwao tita halifunguliwi mpaka siku ya kupanda, na anayelifungua ndiye anayepanda. Kwa hiyo kaleta lote. Akili ya mtoto huyu inanifurahisha na kunichosha kwa pamoja.

Nikalifungua mimi. Tulitaka suke la kuchora. Moja nimelibandika kwenye karatasi ya manila kwa uji mzito, wakubwa wakaandika sehemu zake pembeni kwa mishale.

Harufu ya moshi ikajaa chumba. Nikaota macho wazi: jiko la bibi yangu mzaa mama, uchaga juu ya mafiga, masuke yananing'inia kichwa chini, na mimi nimelala chali sakafuni nayahesabu. Sijui nilikaa hivyo dakika ngapi. Niliporudi, Yoeli alikuwa ameamka na ananitazama.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku nzuri. Tumeyapura masuke ya Penina yaliyobaki juu ya turubai, wakubwa kwa fimbo, wadogo kwa miguu, wakiimba wimbo waliotunga wenyewe wenye neno moja. Wadogo wamehesabu mpaka mia mbili. Wiki jana walikwama arobaini.

Ila masizi. Kwenye madaftari, kwenye pua, kwenye rejista. Kwenye blauzi yangu nyeupe, alama ya vidole vitano mgongoni. Nimekasirika kuliko ilivyostahili.

Ijumaa, 22 Novemba. Mkonze, kwa mama.

Ijumaa kwetu ni usafi. Tumeosha benchi, tumeosha ubao, tumeosha na uwele. Nikaufanya somo: mbegu inayozama ni nzima, inayoelea ni mbovu. Beseni mbili, maji ya asubuhi hadi mchana. Maji yakatoka meusi mara tatu, kisha uwele ukatokea kijivu, unang'aa, mzuri kabisa. Watoto walishangilia. Penina alisimama pembeni, mikono nyuma. Nikadhani anadeka.

Saa tisa likapita gari la kuja Dodoma na nilikuwa nimemwahidi mama. Uwele ulikuwa bado una unyevu. Nikauzoa wote kwenye ndoo, kuku wasije wakauchezea, nikaukazia mfuniko.

Mama kapika mlenda. Nimekula mpaka nikasinzia mezani.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimefungua ndoo. Joto limenipiga usoni, na harufu tamu. Kila punje ina mkia mdogo mweupe.

Dorkasi akacheka. Mwalimu, umetengeneza kimea. Darasa zima likacheka, maana hakuna nyumba hapa isiyojua harufu hiyo. Ndivyo mama zao wanavyofanya wakitaka pombe: loweka, funika, subiri. Nami najua. Bibi yangu alifanya hivyo kila mwaka mbele ya macho yangu. Mgogo wa baba na mama, nimeloweka mbegu, nikafunika, nikasafiri.

Penina hakucheka. Nikamtoa nje, nikamwuliza kama bibi yake anajua kwamba alileta tita lote. Akatikisa kichwa kukataa. Nikamwuliza kama kuna tita lingine. Akatikisa tena. Bibi haoni vizuri na jiko lao lina giza. Hajainua mkono kwenye uchaga bado. Atauinua siku ngurumo zikianza.

Ndiyo mbegu yao yote ya mwaka.

Bado haijafa. Mvua ikinyesha leo au kesho tunaweza kuipanda hivyohivyo na mikia yake. Ikikauka kwanza, basi, haitaota tena.

Jumanne, 26 Novemba

Nimeutandaza uwele juu ya magunia mabichi kivulini. Tunaunyunyizia maji kwa vidole. Nimelazimisha liwe somo: wakubwa wanapima mikia kwa rula, wadogo wanachora. Ukubwa wa ukucha wa Yoeli. Wanaona ni mchezo. Nimewaza kubeba maji ya madumu mpaka shambani. Ni ekari mbili, nikacheka peke yangu.

Saa nane wingu likaja kutoka upande wa Kongwa, zito, la buluu chini. Tukatoka wote. Upepo wa baridi ukapita miguuni mwetu. Kwa muda ikawa kama tuko chini ya maji, kila kitu polepole, hata mbuzi. Kisha likaenda zake.

Naomba mvua ili nisikamatwe. Sijipendi.

Jumatano, 27 Novemba

Mikia imekuwa mirefu, imeshikana. Ukiinua punje moja zinakuja hamsini.

Nilisinzia mezani wakati wanachora. Nikaota benchi zinaota mizizi, vizibo vya soda vinaota, na nywele za watoto ni kijani kibichi, hakuna anayeshangaa. Nikaamshwa na ngurumo. Ya mbali, moja tu. Penina alikuwa ameacha penseli na kutazama mlango.

Nimemwachia mtoto wa miaka minane abebe hofu yangu siku tatu. Kesho nakwenda.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimekwenda baada ya masomo, ndoo kichwani, Penina nyuma yangu.

Bibi Damari alikuwa amekaa kizingitini na kopo lake la ugoro. Nikasema shikamoo. Akaitikia kwa Kigogo, mbukwa, akanisogezea kigoda. Nikaanza kwa Kiswahili, kikatoka kama taarifa ya ofisini. Nikaanza upya kwa Kigogo. Nilisema Penina alileta kwa sababu niliagiza. Nilisema nilifungua mimi, nikaosha mimi, nikafunika mimi.

Akatia mkono kwenye ndoo, akasugua mikia kati ya vidole, akanusa. Akainuka, akaingia jikoni, nikamsikia akipapasa uchaga, kijiti kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho, kisha akarudia. Sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile.

Alipotoka aliniambia mbegu ile alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa. Hajawahi kununua mbegu. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Mwalimu, nilikuambia shule isije ikanichukulia kitu."

Penina haji tena. Ndoo nimeiacha kwake.

Ijumaa, 29 Novemba

Kumi na tatu.

Nimekasirika. Nimejikasirikia mimi, nimemkasirikia na bibi. Mtoto kosa lake nini? Alitii mwalimu. Nimewafokea wakubwa kwa ajili ya kalamu, nikaomba radhi, wakaona ajabu.

Leo hakuna usafi. Nimekaa natazama ukuta, na ukuta ukanitazama: karatasi ya manila. Suke lile. Jeusi vilevile, halijaguswa na maji. Nimelibandua kwa kisu cha Dorkasi, taratibu, uji umekuwa mgumu kama saruji. Tumetoa punje kumi, tumezikunja kwenye kipande cha kanga kibichi. Yoeli amepewa kazi ya kukilinda. Hakulala leo.

Jumatatu, 2 Desemba

Tisa zimeota. Yoeli alizihesabu kwa sauti, na darasa zima likahesabu naye.

Nimempelekea Bibi Damari suke kwenye kitenge. Alilipapasa kutoka shina hadi ncha, akaupata ule uji, akauliza ni nini. Nikamwambia. Akaguna. Akasema nililifungua tita, kwa hiyo nitapanda. Siwezi kuuita msamaha, ni amri tu. Nyuma ya nyumba uwele ulioota ulikuwa umeanikwa juu ya jamvi, umekauka, mikia imesinyaa.

Nikamwuliza kuhusu Penina. Akasema kwanza tuone. Penina alikuwa anachota maji na hakuinua uso.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua.

Tangu alfajiri. Bati linapiga kelele, hatusikiani, kwa hiyo hakuna somo. Tumesimama mlangoni wote kumi na wanne, mimi nikiwa wa kumi na nne. Harufu ya udongo inanilewesha. Laiti ingewahi wiki moja tu. Nimelia kidogo na hakuna aliyejua, nyuso zote zilikuwa na maji.

Alhamisi, 5 Desemba

Tumepanda.

Darasa zima lilikuja shambani kwa Bibi Damari na kila mtoto alikuja na kiganja cha uwele kutoka kwao. Sikuwaagiza. Dorkasi alipita nyumba kwa nyumba jana kwenye mvua, na leo kila nyumba imefungua tita lake. Bibi akavipokea kimoja kimoja, akinung'unika kwamba sasa ana shamba la kila mtu, uwele mrefu na mfupi, na kuna ule wa nyumba fulani ambao hata ndege wanaukataa. Ila alivipokea vyote.

Mbegu yake mwenyewe, ya suke lile, alinipa mimi nipande kipande kidogo karibu na nyumba. Wakubwa wakatandaza kamba yao ya mafundo. Bibi akaikataa. Yeye anapanda kwa hatua. Dorkasi akamfuata nyuma, akapima hatua yake, akafungua mafundo yote na kuyafunga upya, mafupi zaidi. Kisha tukapanda kwa kamba na bibi hakuikataa tena. Sijui kama nimewahi kufundisha hesabu nzuri kama hiyo, na sikuifundisha mimi.

Katikati ya kazi bibi akanizuia. Chukua zilizobaki, funga kwenye kitambaa, kazining'inize. Mvua ikidanganya, tuwe na kitu. Nikaingia jikoni. Nikainua mikono kwenye uchaga na masizi ya miaka yote yakaniangukia machoni. Nikafunga fundo, nikalijaribu, nikafunga la pili. Penina alikuwa anapuliza moto chini yangu. Akasema liko chini mno, litaungua. Nikalipandisha.

Mwisho wa kazi bibi akatoa togwa. Kwenye kibuyu kikubwa, nzito, ya kijivu. Watoto wakanywa wakagombania. Mimi nikapewa bakuli la kwanza na kubwa kuliko yote, na bibi akakaa mbele yangu mpaka nimalize. Nilijua ni kimea gani kabla sijaonja. Ilikuwa tamu sana. Niliimaliza, akaniongeza.

Ijumaa, 6 Desemba

Siku ya kufunga. Ukungu asubuhi, kila kitu kimelowa na kimetulia. Njia haina vumbi.

Nimeita majina. Nilipofika kwa Penina nilitaka kuruka, kisha nikaita tu. Akajibu kutoka mlangoni. Alikuwa amechelewa, miguu ina udongo mpaka magotini. Visanduku vya siku alizokosa kwenye rejista nimeviacha wazi.

Tulikuwa tunaaga meza ya mbegu, kila mtoto akirudisha za kwao mfukoni. Penina mikono mitupu. Yoeli akamwuliza zako ziko wapi. Akasema bibi amesema shule ikitaka kuziona, ije.

Uso umeniwaka kwa aibu na furaha, sijui kipi kilikuwa kingi. Wamekwenda. Nimefagia peke yangu. Blauzi nimeifua mara mbili tangu jana, masizi ya uchaga hayatoki mabegani. Yapo na kwenye kucha. Leo nimeandika ubaoni nayo hivyohivyo.