Chungu cha kinywe nilichokigonga nikanyamaza

Jumapili, Same mjini. Upepo haujatulia tangu asubuhi, na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria ya maharage. Mimi sijambo, kwa maana ya mtu asiye na kidonda.

Mwenye kidonda ni kaka yangu Elisante. Alhamisi aliungua mguu wa kushoto kwa alumini iliyoyeyuka, karakanani kwetu. Tuko wawili tu, yeye na mimi. Tunayeyusha alumini chakavu na kusubu masufuria na vifuniko vya pampu za umwagiliaji. Wateja wengi ni wakulima wa kule Bendera.

Alumini tunaiyeyushia kwenye chungu cha kinywe, yale madini meusi ya kwenye penseli. Chungu cha dukani kilipopasuka mwezi uliopita, tuliamua kutengeneza vyetu kwa unga wa kinywe na udongo wa kwetu Suji. Ubishi ulianzia hapo.

Kaka anashindilia unga kwa jeki, kutoka juu. Mimi nilikuwa nimeona kwenye video jinsi viwanda vikubwa vinavyotengeneza kinywe kigumu siku hizi. Unga unafungwa ndani ya mpira, mpira unazamishwa kwenye maji, halafu yanayokandamizwa ni maji. Yanabana pande zote kwa nguvu moja. Ukishindilia kutoka juu, juu panakuwa pagumu na chini panabaki pamelegea. Basi nikatengeneza changu kwa tyubu ya gari na bomba nene la chuma. Kaka akaniuliza kama nafinyanga au nafua nguo.

Sikupenda kuchekwa.

Vyungu vyote viwili tulivichoma pamoja, polepole, siku tatu. Alhamisi asubuhi, kabla kaka hajafika, nilivigonga kwa kijiko. Changu kililia vizuri. Chake kilitoa sauti butu, kama debe lililojaa unga. Chungu kisicholia kina ufa ndani. Kaka ndiye aliyenifundisha hilo.

Alifika ana haraka. Akaniuliza, "Umegonga?"

Nikasema, "Nimegonga."

Akaweka chake motoni.

Nilitaka kipasuke. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani kitapasukia kwenye moto, alumini imwagike majivuni, nami nipate la kusema. Kumbe kilivumilia moto, kitako kikaachia pale kaka alipokinyanyua kwa koleo.

Leo kanisani mchungaji amemwombea, kisha akanitaja kwa jina, kwamba nilimkimbiza hospitali bila kupoteza muda. Watu wamenipa mikono. Wifi yangu, mke wa kaka, amenikumbatia mbele ya wote na kunialika chakula cha mchana. Nimekula kidogo, nikasingizia tumbo.

Naona aibu. Sijawahi kuona aibu ya namna hii.

Kaka hasomi blogu yangu hii, lakini wifi anasoma. Sikutaka aambiwe na mkewe, kwa hiyo jioni nimerudi kwao. Nimemkuta sebuleni, mguu juu ya stuli. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu, na kabla sijakaa akaanza kukisifu chungu changu. Anasema alikosea kunicheka, na njia yangu ndiyo tutakayotumia sasa. Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja mwezi mzima.

Nikamwambia. Kwamba aliponiuliza, nilikuwa nimeshajua.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, kaka."

Aliangalia bandeji. Wifi aliingia na chai, akatuangalia, akaiweka mezani na kutoka.

"Njia yako ni nzuri," akasema mwishowe. "Tutafanya hiyo hiyo. Ila kugonga, nitagonga mwenyewe."

Nimemjibu sawa. Sitawasha moto mpaka mguu wake upone na aje agonge.