Chuo Kisichochagua Mtu

Mkomaindo,
Masasi.
9 Februari 2025

Mpendwa Mama Mdogo Scholastika,

Shikamoo. Poleni na baridi ya huko Marekani. Je, mguu umepona? Sisi hatujambo. Bibi wa Newala alikuwa na kikohozi, sasa anapalilia mihogo yake na hataki kusaidiwa.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Mjomba Dastani huweka spika, nyumba nzima inasikiliza, nami naona haya.

Matokeo yangu ya kidato cha nne uliyasikia: biolojia C, kemia F. Nataka kurudia kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, ili siku moja nisomee udaktari. Mjomba ndiye mwenye kauli, na amesema atakutazama wewe kwanza. Kama wewe, uliyekuwa mhasibu mpaka ukafika miaka arobaini, kweli umerudi darasani ili uombe udaktari, basi nami nitarudi. Kama ni maneno tu, nitakwenda Tandahimba kuuza dukani kwake. Kujiandikisha kunafungwa mwisho wa mwezi.

Usinikasirikie, lakini hata mimi nina shaka.

Ulisema hicho chuo cha jamii kinapokea yeyote anayekuja. Huku tunakosa usingizi tukisubiri kuchaguliwa. Chuo kisichochagua mtu ni chuo gani? Ukasema unasoma kemia ya mwanzo na vijana wa rika langu, tena mnaandika insha, na udaktari wenyewe hujauomba bado. Mjomba alicheka sana. "Insha! Mgonjwa atasomewa insha?" Bibi, aliyekuwa kwetu siku hiyo, akamjibu, "Nyamaza Dastani, wewe hata hiyo insha ilikushinda." Tulicheka wote, lakini mjomba hakulegea. Anasema wengi huko wanafanya kazi ya kuosha wazee, wakipiga simu nyumbani wanasema wanasoma.

Halafu ile picha uliyotutumia ukiwa umevaa koti jeupe. Koti jeupe hata muuza nyama wa sokoni analo. Na nilipokuomba unielezee hesabu za moli, zile za kemia, ulinyamaza, kisha ukasema mtandao mbaya. Mbona ulipomuuliza Bibi habari za mihogo ulisikika vizuri?

Jana nimekumbuka kwamba mwalimu aliponiuliza hesabu zilezile, nami nilinyamaza vivyo hivyo, ingawa nilikuwa nasoma kweli. Kwa hiyo usinitumie picha nyingine. Nitumie mtihani wako wa kemia uliosahihishwa, ule uliokosa maswali mengi kuliko yote. Anayedanganya hana makosa ya kuonyesha. Hayo ndiyo nitakayompelekea mjomba.

Na kama husomi, niambie mimi peke yangu. Sitakuaibisha. Nitajua tu kwamba hakuna aliyetangulia, nami nitamwomba mjomba anitazame mimi badala yako.

Nisalimie Baba Mdogo Gasper na mdogo wangu Emmanuel. Mama na Loveness wanakusalimu sana. Bibi anakuombea kila Jumapili, kwa jina na kwa sauti. Mungu atufungue akili sote wawili.

Wako akupendaye, hata akiwa na shaka,
Anjelina