Tairi Limenigandisha na Baba Mkwe

Ndugu yangu, nimeumbuka!

Nilikuwa nabandika matairi ya sponji kwenye kile kigari changu cha mashindano, kile kinachotosha kiganjani. Supagluu imenijaa mkononi. Mara mchumba wangu huyo mlangoni, na baba yake!

Mzee akanipa mkono. Nikaupokea. NIKAUPOKEA, we!

Tukagandana, tairi katikati.

"Nini hiki?"

"Tairi, baba."

Akamgeukia binti yake: "Si ulisema ana gari?"

"Ndilo hilo, baba."

Mchumba akakimbilia mafuta ya kupikia. Tukiwa bado tumeshikana, shangazi yake akaingia. Akapiga makofi: "Jamani, wameshakubaliana!"

Mzee akalitazama tairi. Akanitazama mimi. Kueleza ukweli akaona aibu.

"Ndiyo," akasema. "Tumekubaliana."

Naoa, mwenzangu!