Taa Nisizoziandika

Kasese, Jumanne, 1970

Mvua imeanza kabla sijanywa chai na mpaka sasa haijanyamaza. Mimi nina hasira tangu kuamka. Hasira na Injinia, hasira na mashine, na zaidi ya yote hasira na mimi mwenyewe. Shajara, leo nisikilize bila kunihurumia.

Saa nne mashine, ile kompyuta ya ofisi yetu, imekufa tena. Sisemi imeharibika, vyuma vyake ni vizima, feni inazunguka. Kilichokufa ni ile programu kubwa inayoziongoza programu nyingine zote. Ikifa, kadi za matundu tunazoilisha zinakwama katikati, na zile taa ndogo za usoni zinaganda, nyingine zinawaka, nyingine zimezimika. Sheria ni moja: usiguse kitufe cha kuwasha upya kabla hujazinakili zote kwenye kitabu cha zamu, moja moja. Ndizo zinazosema imefia wapi. Ukibonyeza zinafutika, na hakuna mutu duniani atakayejua.

Injinia ametoka Nairobi kuja kusoma kitabu chetu. Amekisoma akitikisa kichwa. "Mashine ilipumzika kidogo." "Mashine haikujisikia vizuri." Hiyo ndiyo lugha tuliyoandika! Kwetu habari ya msiba humtupii mkubwa usoni. Unaanza kwa kusema mgonjwa amelala vibaya. Wote tumeandika hivyo, wenzangu wa Bwera na mimi niliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, bila hata kukubaliana. Injinia akauliza mashine inapumzikaje.

Hilo tungelicheka likaisha, kama si ukurasa wa Alhamisi.

Siku hiyo mashine ilikufa vibaya kuliko siku zote, ikafuta orodha nzima ya vipuri vya stoo, kazi ya miezi. Kitabuni pameandikwa: ilipumzika, imeamka. Nafasi ya taa ni tupu. Chini kuna jina la Baluku, mmoja wa wenzangu wa Bwera. Injinia amesema mtu aliyefuta ushahidi namna hiyo hafai kukaa karibu na mashine, na mkubwa wetu amekubali. Kesho asubuhi Baluku anapewa barua ya kufukuzwa.

Lakini Alhamisi Baluku hakuwepo.

Alikuwa Bwera, kumzika shangazi yake. Aliomba ruhusa akanyimwa, akaja kwangu Bulembia kuniomba nimshikie zamu. Nikashika. Nikaandika jina lake, maana kwetu zamu ni ya mwenyewe hata akiikalia mwingine. Taa zilipoganda niliogopa mkubwa ataingia anikute kwenye kiti kisicho changu. Nikabonyeza. Sikuangalia hata taa moja.

Leo nilikuwa nimesimama mlangoni wakati Baluku anaambiwa. Aliniangalia mara moja, kisha akaangalia sakafu. Hakunitaja. Baadaye nilimfuata stooni nikaanza kujieleza, akanikata.

"Wacha, Kambale. Ukisema, watafukuza wawili. Wewe uko na watoto."

Halafu akanipa sigara. Afadhali angenitukana.

Nimekaa na jambo hili mchana wote. Nikisema, yeye anakuwa mtoro na mimi mwongo, pengine tunaondoka wote. Nikinyamaza, anaondoka peke yake, Injinia anarudi Nairobi na uongo wetu, na mashine itakufa tena kwa ugonjwa uleule. Upuuzi mtupu. Nimechoka kuogopa mkubwa, nimechoka na maneno yetu laini.

Saa kumi, kabla ofisi haijafungwa, nimefungua ukurasa wa Alhamisi. Chini ya jina la Baluku nimeandika kwa wino:

Mashine ilikufa. Aliyekuwa kwenye kiti ni Kambale. Taa hakuzinakili kwa sababu aliogopa.

Nimekiacha kitabu wazi mezani kwa Injinia. Sasa niko nyumbani, mke wangu anapika, ananiuliza mbona leo naandika sana hivi. Bado sijamwambia.